Meza ya Mama Maabara: Simamisha video kabla nyundo haijaanguka

Barua za mwezi huu zimeelemea upande mmoja: video fupi za sayansi. Kwa wageni wa ukurasa huu, mimi nilikuwa fundi maabara wa shule za sekondari hapa Dar es Salaam kwa miaka 31. Sasa nimestaafu, niko Temeke, na simu yangu imejaa video kuliko picha za wajukuu. Nimechagua barua nne.

Shikamoo Mama Maabara. Nafundisha Fizikia Mbagala. Kidato cha pili wangu ni 104 katika mkondo mmoja, na maabara yetu ni makabati mawili yenye kufuli. Tumepata projekta. Nikawaonyesha video ya dakika 45 kuhusu mwendo, na kufika dakika ya kumi nusu ya darasa ilikuwa imelala. Niendelee, au niirudishe projekta ofisini? (Mwalimu, Mbagala)

Marahaba mwalimu. Usiirudishe. Ikirudi ofisini utaikuta kwenye harusi ya mtu. Ila dakika 45, saa saba mchana, chini ya bati la Mbagala, hata mimi ningelala.

Nikupe kisa. Mwalimu mmoja niliyekuwa namwandalia vifaa alipata kipande cha video ya mwezini, kile cha Agosti 1971 cha safari ya Apollo 15. Mwanaanga David Scott ameshika nyundo mkono mmoja na unyoya wa kozi mkono wa pili, anaviachia kwa pamoja. Kipande chenyewe hakifiki dakika moja. Tukaziba madirisha kwa khanga zangu mbili, tukawasha. Scott akanyoosha mikono. Umeme ukakatika.

Mwalimu alishika kichwa. Lakini kijana mmoja wa nyuma akauliza gizani, "Sasa ipi imetangulia?" Basi darasa likagawanyika. Wengine nyundo, tena kwa kuapa. Wengine wakasema mwezini hakuna mvutano, kwa hiyo vyote vitaelea. Hawa wa kuelea walikuwa wengi mno, na umeme usingekatika tusingewajua. Msichana mmoja akachana karatasi mbili kutoka daftari lake, moja akaifinyanga kama kidonge, akapanda juu ya dawati na kuziachia. Iliyofinyangwa ikatangulia kufika chini. "Uzito ni ule ule, mbona?" Hapo ndipo hewa ilipoingia kwenye mazungumzo, na mwalimu hajaitaja hata mara moja.

Umeme ulirudi kesho yake. Tulipowasha, watoto walikuwa wamesimama. Nyundo na unyoya vikatua pamoja, maana mwezini hakuna hewa ya kuuchelewesha unyoya, tena taratibu, kwa kuwa mvutano wa mwezi ni karibu sehemu moja ya sita ya huu wa kwetu. Kelele zake zilimtoa mkuu wa shule ofisini.

Kwa hiyo, mwalimu wangu, tafuta kipande cha dakika moja au tatu, na wewe mwenyewe uwe ndiye unayekata umeme. Simamisha kabla nyundo haijaachiwa. Kila mtoto aandike anachotabiri, kwa wino, maana penseli hufutwa pale jibu linapoonekana na kila mtu anakuwa alijua tangu mwanzo. Wabishane na jirani dakika tano. Ndipo uwashe.

Baadaye sana nilikuja kusoma utafiti wa udaktari wa Derek Muller, alioufanya Chuo Kikuu cha Sydney na kuumaliza mwaka 2008. Alilinganisha video za fizikia zilizonyooka, zenye maelezo safi, na nyingine zilizoanza kwa kuyatoa hadharani mawazo potofu ya wanafunzi na kuyabishia. Waliotazama zile safi walisema zimeeleweka vizuri, lakini alama zao karibu hazikusogea. Waliotazama zenye ubishi walilalamika kwamba zimewachanganya, na hao ndio waliopata alama nzuri zaidi. Nilipoisoma nikaikumbuka ile giza yetu.

Halafu wape kamera wao. Simu nyingi hurekodi picha 30 kwa sekunde. Bandika futi ya fundi cherehani ukutani, au unganisha mbili ili zipite mita mbili, mtoto aachie ndimu kutoka juu, mwenzake arekodi. Kisha sogezeni video picha moja moja. Baada ya picha 10 ndimu itakuwa imeshuka kama sentimita 54. Baada ya picha 20, kama mita 2.18. Muda umekuwa mara mbili, umbali mara nne. Waache wagombane na hizo namba wenyewe. (Na ukisema "mwendokasi" wakacheka wakidhani unazungumzia basi, cheka nao, kisha waulize basi hilo linaongeza mwendo wapi na kupunguza wapi.)

Kuhusu bando, pakua nyumbani kwa ubora wa chini, weka kwenye flashi. Mchoro wa ubaoni unasomeka vizuri tu hata kwa ubora huo.

Habari Mama Maabara. Binti yangu yuko kidato cha tatu. Kila jioni anachukua simu yangu, anatazama video za Kemia, nikimuuliza ananiambia "Mama, nimeelewa." Bando la wiki linaisha Jumatano. Mtihani wa muhula kapata 31. Ananidanganya? (Mama mzazi, Tabata)

Nzuri dada yangu. Hakudanganyi, ameelewa kweli, kwa muda ule video inapocheza. Wewe umemtazama mara ngapi jirani akisukuma chapati? Mkono unakwenda laini, chapati inazunguka yenyewe, unasema kumbe rahisi. Ya kwako ya kwanza ikatoka ramani ya Afrika. Video nzuri ina ubaya huo: mwalimu wake hakosei, hasiti, hafuti. Mtoto anaona njia imenyooka, anadhani yeye ndiye aliyeipita.

Jioni ya leo mwache atazame moja tu. Kisha chukua simu, ifunike. Mpe karatasi na swali moja la mtihani wa miaka iliyopita wa mada hiyo hiyo, akae nalo bila msaada. Akimaliza, mwambie akueleze wewe kwa Kiswahili, wewe ambaye huenda Kemia uliiacha zamani. Sekondari wanasoma kwa Kiingereza, na kuna maneno wanayajua kwa sauti tu, kama tunavyoimba nyimbo za Kihindi. Akianza "ile kitu inaenda pale kwa ile nyingine," hapo umefika penye shimo. Arudie kipande hicho cha video tu, si video nzima.

Na ile hali ya video moja kuisha na nyingine kuanza yenyewe, izime kwenye mipangilio. Hiyo ndiyo inayokula bando lako.

Mama Maabara shikamoo. Nimeona video moja inasema maji ya moto huganda haraka kuliko ya baridi, nyingine inasema ni uongo. Niamini ipi? (Mwanafunzi, Ukonga)

Marahaba mwanangu. Hili ni swali la nyumbani kabisa. Mwaka 1963 kijana wa kidato cha tatu, Erasto Mpemba, alikuwa anatengeneza askrimu na wenzake pale shule ya sekondari Magamba. Maziwa ya moto yalitakiwa kupoa kwanza. Yeye akaona nafasi kwenye friza inaisha, akayaingiza yakiwa ya moto. Ya kwake yakaganda kabla ya ya mwenzake. Alipouliza, mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, akamuuliza mgeni kutoka chuo kikuu cha hapa Dar, Dk. Denis Osborne. Wenzake wakamcheka, ila Osborne hakucheka. Aliporudi chuoni akampa fundi maabara ajaribu.

Hapa nafurahi kwa sababu za kikazi. Fundi yule akarudi na habari kwamba kweli, ya moto yameganda kwanza, lakini atarudia jaribio mpaka apate jibu sahihi! Nimewajua mafundi wa namna hiyo. Nimewahi kuwa mmoja wao. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha makala pamoja, na jambo hilo linaitwa kwa jina la Mpemba dunia nzima.

Lakini mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden wa Uingereza walipima kwa makini, wakasema hawakuona ushahidi wa maana. Waliona pia kwamba ukisogeza kipimajoto kidogo tu ndani ya chombo, jibu linaweza kugeuka. Wengine wanataja mvuke unaotoka, barafu ya friza inayoyeyuka chini ya chombo cha moto, mzunguko wa maji ndani yake. Kwa hiyo video zako mbili zote zimekuwa na haraka kuliko jambo lenyewe.

Nenda kwa mama anayeuza barafu za ubuyu, omba nafasi kwenye friza. Vikombe viwili sawa, maji ya uzito sawa, kimoja cha moto kimoja cha kawaida, vyote juu ya kipande cha ubao. Kabla ya kuanza andika: "kuganda" kwako ni nini? Utando wa kwanza wa barafu, au kikombe kizima kuwa jiwe? Ubishi mwingi uko hapo. Na usifungue friza kila dakika, utamharibia mama biashara na jaribio lako pia.

Mama, mimi nasomea umeme hapa Buguruni. Nataka kutengeneza video fupi za ufundi kwa Kiswahili, lakini sina studio wala kamera ya maana. (Fundi mtarajiwa)

Studio ya nini, mwanangu? Mwaka 2014 Philip Guo na wenzake walichambua video za edX, jukwaa la masomo ya mtandaoni, zilizotazamwa mara milioni 6.9. Watu walikuwa wanaanza kuchoka zikizidi dakika sita, na video rahisi za mwalimu akiwa mezani kwake ziliwashika kuliko za studio ya gharama. Kumbuka tu kwamba walipima kutazama. Kuelewa ni habari nyingine.

Anza na kitu kilichoharibika. Feni ya mezani inaunguruma, haizunguki, mpaka uisukume. Kila nyumba Dar imewahi kuwa nayo. Isukume kwa chelewa, si kwa kidole, kisha usimamishe video uulize: nikiisukuma upande wa pili, itakubali? Waache waandike. Kisha waonyeshe kwamba inakubali upande wowote, ndipo ueleze kapasita iliyokufa, kile kifaa kidogo kinachoilisha umeme koili ya pili ya feni. Bila kapasita, koili iliyobaki inavuta huku na huku tu, haina upande wa kuanzia. Wewe ndiye unayeipa upande.

Sema kontakta, breka, koili kama mnavyosema kazini, na utaje pia jina la Kiingereza watakalolikuta kwenye mtihani. Ukifungua feni, kuchomoa plagi kuonekane kwenye video, na kutoa chaji ya kapasita kuonekane, maana kuna mtoto atakuiga. Uso wako si lazima. Mikono ionekane.

Ukihitaji feni ya kurekodia, yangu iko hapa Temeke. Inaunguruma tangu Jumamosi.