Kabla hujakokotoa, uliza korosho ni za nani

Nyinyi mnaoanza kutumia sayansi ya data kupima tofauti za kipato, naanza na daftari la korosho, maana ndilo lililonifunza kazi hii.

Nilipewa orodha ya mauzo ya chama kimoja cha msingi huku Mtwara: jina, kilo zilizopokelewa ghalani, fedha zilizoingia benki. Nikasafisha majina, nikaunganisha yaliyojirudia, nikakokotoa kipimo cha Gini, kinachoonyesha pengo: 0 ni usawa kamili, na kadiri kinavyokaribia 1 pengo linakua. Kikatoka kikubwa mno, nami nikaamini nimegundua jambo. Mzee mmoja mjumbe wa bodi akaweka kidole kwenye jina la juu kabisa. "Mwanangu, huyu shamba lake dogo kuliko langu. Hizi ni za kangomba."

Kangomba ni hivi: mkulima anayebanwa na ada ya shule au ugonjwa mwezi Machi huuza korosho kabla hazijavunwa, kwa bei ya kutupa. Zikivunwa, zinapelekwa ghalani kwa jina la aliyemkopesha. Chukua wakulima wanne, kila mmoja amevuna kilo 300. Gini ya mavuno yao ni 0. Watatu wakiwa wameshamuuzia wa nne kilo 200 kila mmoja, daftari litasoma 100, 100, 100 na 900, na Gini itaruka hadi 0.5. Mashamba hayajabadilika hata kidogo.

Msinielewe vibaya, pengo lipo na linauma. Ila halikuanzia shambani, lilianzia kwenye bei ya Machi, na bei hiyo haiandikwi popote. Programu ya R au Python mtajifunza kwa miezi michache, mafunzo yake yamejaa mtandaoni. Bei ya Machi hamtaipata mpaka mkae kwenye mkeka wa mtu, naye awaamini. Mkishaambiwa, futeni majina kabla faili halijatoka kwenye kompyuta yenu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawadai, na heshima inawadai zaidi.

Mwezi wa kuuliza nao una neno. Ukimuuliza mkulima wa Newala kipato cha mwezi uliopita, Desemba anaonekana tajiri, Aprili anaonekana hana kitu, naye ni yuleyule. Ndiyo maana Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2017/18 ulikusanya taarifa kwa miezi 12, na umaskini ukapimwa kwa matumizi.

Kigumu kuliko vyote ni kujua kama mtoto amemzidi mzazi. Marekani, mchumi Raj Chetty na wenzake walitumia kumbukumbu za kodi na takwimu za sensa, wakaona kuwa waliozaliwa 1940, karibu asilimia 90 walikuja kuwazidi wazazi wao kipato. Kwa waliozaliwa miaka ya 1980 ni kama nusu tu. Kwetu wengi hawamo kwenye kumbukumbu za kodi, kwa hiyo tunauliza: baba alisoma hadi darasa la ngapi, alifanya kazi gani? Na wapo ambao dodoso haliwakuti nyumbani. Kijana wa Lindi aliyepata au aliyepotelea Kariakoo hayumo kijijini siku ya kuhesabu, na yeye ndiye hasa unayetaka kujua alifika wapi. Mtafuteni kwa simu kupitia kwa ndugu zake.

Swali la baba peke yake nalo lina upungufu huku kusini. Wamakonde, Wamakua na Wamwera kwa asili hufuata ukoo wa mama. Nililiuliza miaka miwili bila kulitilia shaka, mpaka mama mmoja aliponijibu, "Baba alinisomesha, lakini mikorosho nilipewa na mjomba." Tangu siku ile jedwali langu lina safu mbili: aliyekusomesha, na aliyekupa shamba.