Manila inayopasuka, nyota ya Urambo na asali ya jirani: maswali yenu ya Krismasi

Mvua za Novemba zikishaanza kupiga mabati ya Tabora, simu yangu hujaa maswali ya karatasi. Nilifundisha stadi za kazi shule ya msingi miaka mingi, na wale niliokuwa nawafokea kwa kula gundi sasa ni wazazi. Wananiita Shangazi, na nimezoea. Nimechagua maswali machache, yaliyofanana nimeyaunganisha.

Shangazi, shikamoo. Natengeneza kadi za manila na wanangu, lakini kila tukikunja, pale katikati panapasuka na kutoa manyoya. Nimebadili duka, mambo ni yale yale. Tatizo ni manila au mikono yetu? (Mama wa watatu, Isevya, Tabora)

Marahaba, mwanangu. Manila haina kosa, na mikono haina kosa kubwa. Mmekunja kinyume cha nyuzi.

Kiwandani karatasi huanza kama uji mwepesi wa nyuzi za miti, unaomwagwa juu ya wavu unaokimbia. Nyuzi nyingi hulala kuelekea kule wavu unakokwenda. Ukikunja sambamba nazo, mkunjo unatulia kana kwamba umepigwa pasi. Ukizikunja kwa kuzikatiza, zinavunjika, na hayo ndiyo manyoya unayoyaona.

Kujua nyuzi zimelalia wapi ni rahisi. Ipinde manila bila kuikunja, uibonyeze kwa kiganja, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana. Pale inapokubali bila ubishi ndipo mkunjo wa kadi unapotakiwa kuwa. Ukibaki na shaka, kata kipande kidogo, ukiloweshe upande mmoja tu. Kitajiviringa kama mkeka, na urefu wa mkeka huo ndio njia ya nyuzi. Watoto wanalipenda sana jaribio hili, kwa hiyo andaa vipande vya kutosha.

Kabla ya kukunja, weka rula na upitishe kalamu iliyokwisha wino, ikiacha mfereji. Sasa wengi hukosea hapa: mfereji unabaki nje ya kadi, na lile tuta lililotokea upande wa pili linaingia ndani ya mkunjo. Najua inaonekana kinyume. Jaribu zote mbili uone.

Kuhusu hesabu: manila kubwa ya saizi ya A1, yaani sentimita 59.4 kwa 84.1, inatoa A4 nane. Kila A4 ikate katikati, kila nusu ikunje, unapata kadi 16. Ukikuta nyuzi zimelala upande usioutaka, usitupe. Kunja kwa urefu upate kadi nyembamba na ndefu, ambayo kwa macho yangu ni nzuri kuliko ile ya kawaida.

Na zikipinda kidogo msione haya. Kadi ya kwanza ya Krismasi ya kuuzwa ilichapishwa London mwaka 1843 kwa sababu bwana mmoja, Henry Cole, alikuwa na watu wengi wa kuwaandikia kuliko muda aliokuwa nao. Kadi ya kuchapa ilianza kwa kukwepa kazi. Ninyi hamjakwepa.

Nilipika gundi ya ngano, siku ya nne ikaota ukungu. Zile kadi nilizowahi kubandika, mende wakazila usiku. Cheka tu, Shangazi. (Kijana, Gongoni, Tabora)

Nimecheka, lakini kicheko cha mtu aliyeumwa na nyoka huyo huyo. Mwaka mmoja nilitundika mnyororo wa karatasi sebuleni, pete zaidi ya mia. Asubuhi ya tarehe 24 nikaukuta sakafuni, pete zimefunguka zote. Karatasi ilikuwa salama salimini. Mende walikuwa wamelamba gundi.

Pika hivi. Vijiko viwili vya chakula vya unga wa ngano, koroga na robo kikombe cha maji baridi mpaka mabonge yaishe kabisa. Chemsha kikombe kimoja cha maji, umimine humo huku unakoroga, moto mdogo, mpaka iwe nzito kama uji wa mtoto na ianze kung'aa. Epua, tia nusu kijiko cha chai cha shabu iliyosagwa, ile ya sokoni. Shabu inachelewesha ukungu. Mende haiwatishi, nisikudanganye. Hata ikiwa na shabu, bila friji pika ya siku mbili tatu tu.

Wa Kigoma wenye unga mweupe wa muhogo, uchekecheni vizuri mpike kwa njia hiyo hiyo. Gundi yake inakauka bila kuacha doa jeupe, na kwa karatasi nyembamba mimi naipenda kuliko ya ngano.

Kosa lako kubwa, bila shaka, ni wingi. Gundi nene huifanya karatasi ikunjamane, na Desemba yetu haikaushi kitu haraka. Paka kwa brashi au kidole, nyembamba mpaka uone karatasi chini yake, kisha lalia kitabu kizito usiku mzima. Mapambo yatundike kwa uzi kutoka darini, yasiguse ukuta. Mende wa kwangu walishuka ukutani.

Glita je? (Mwanafunzi, Katubuka, Kigoma)

Hapana. Ni plastiki iliyosagwa, utaifagia mpaka Pasaka na nyingine utaikuta kwenye pilau. Tumia karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara aliyoitupa baba mdogo.

Shikamoo Shangazi. Nafundisha shule ya Jumapili huku Urambo. Nimeona picha ya nyota ya karatasi yenye miiba mingi, inatundikwa kanisani wakati wa Majilio. Inatoka wapi, na watoto wanaweza kuitengeneza? (Mwalimu, Urambo)

Marahaba, mwalimu. Swali lako nimelisoma mara mbili kwa furaha, maana umeuliza habari za ndugu yako bila kujua.

Nyota hiyo ni ya Wamoraviani, waumini wa kanisa moja la Kiprotestanti. Ilizaliwa karne ya 19 huko Niesky, Ujerumani, katika shule yao ya bweni, kama somo la jiometri. Wanafunzi walikuwa wanajifunza maumbo kwa kuyakata na kuyabandika. Baadaye watu wa Herrnhut, kitovu cha kanisa lao, wakaanza kuitengeneza kwa ajili ya kuuza, na hata leo Wajerumani huiita nyota ya Herrnhut. Na misheni ya Urambo Wamoraviani waliipokea mwaka 1898 kutoka kwa London Missionary Society, shirika la wamisionari wa Kiingereza. Kwa hiyo ukiitundika Urambo hujaiga geni.

Nyota kamili ina tumbo lenye nyuso 26: miraba 18 na pembetatu 8. Mraba mmoja wa juu huachwa kwa ajili ya kutundikia na kuweka taa, nyuso zilizobaki huota mwiba kila mmoja. Inakuwa miiba 25. Ukiwa na darasa la watoto 25, kila mtoto na mwiba wake, umemaliza kazi na ugomvi kwa pamoja. Lakini usianze na hiyo. Kulibandika lile tumbo kunahitaji subira ambayo mimi niliipata nikiwa na miaka hamsini.

Anza na ya miiba mitano. Tumbo ni kiboksi cha manila chenye pande za sentimita 4. Kwa mwiba, chora tao kwa bikari lenye nusu kipenyo cha sentimita 12. Bikari ikiwa fupi, funga penseli kwa uzi. Juu ya tao pima sentimita 4, weka alama, rudia mpaka upate hatua nne. Unganisha kila alama na kitovu, kisha unganisha alama na alama kwa mstari ulionyooka. Hapo una pembetatu nne ndefu zinazokutana ncha moja. Acha ulimi wa sentimita moja ubavuni na ndimi ndogo kwenye vitako vinne. Pitisha ile kalamu isiyo na wino kwenye kila mstari, kunja, bandika ubavu, kisha bandika vitako juu ya boksi. Mitano ikishakaa, uso wa sita ndio wa kutundikia. Kwa nyota kubwa ile miiba ya pembetatu hukatwa hivi hivi, ila hatua ni tatu badala ya nne.

Bandika mwiba mmoja, subiri ushike, ndipo uende wa pili. Watoto hawatasubiri. Wape mnyororo wa pete wautengeneze wakati huo.

Ndani weka taa ndogo ya LED au ya sola, isiyotoa joto. Mshumaa, hata kwa dakika moja ya kupiga picha, hapana. Hili sina utani nalo.

Mimi ni Mkristo, nakaa Ujiji. Bibi jirani yangu ni Mwislamu, kila Idi ananiletea sahani ya pilau. Krismasi hii nataka kumpa asali niliyoletewa kutoka Sikonge. Nina chupa moja nzuri sana, ilikuwa ya mvinyo. Niipambeje? (Mama Ujiji)

Usiipambe. Hata ukiichemsha mara saba, umbo lake linajitangaza, na bibi wa watu atabaki na asali asiyojua aifanyeje. Tafuta chupa ya jamu au ya siagi ya karanga. Ioshe kwa maji ya moto, ikauke mpaka ndani kabisa, maana asali hunywa maji hata yale ya hewani, na ikishayanywa inachacha. Funika kwa kukaza. Uliza pia kama uliyoletewa ni ya nyuki wadogo. Hiyo ni nyepesi, ina ukakasi na maji mengi kwa asili yake, inachacha upesi. Mpelekee mapema, na umwambie ni ipi.

Lebo usiibandike kwenye kioo kwa gundi ya unga, unyevu utaivua. Kata kipande cha bahasha ya kaki, kitoboe, kifunge shingoni kwa uzi wa katani. Andika jina lako na mahali asali ilikotoka. Upande wa pili andika kwamba mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe, hata kulambishwa. Asali inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuvizuia, na nyumba ya bibi haikosi kitukuu.

Picha ya hori na malaika si lazima kwenye zawadi hii. Maua yanatosha; mkrismasi ukiwa umechanua hapo uani, kata tawi jekundu moja. Halafu angalia kabatini: sahani yake ya Idi iliyopita umesharudisha? Kama bado, chupa ikae juu ya sahani hiyo. Sahani ya jirani hairudi tupu, hilo unalijua kunishinda, wewe uko Ujiji.

Mimi ni fundi cherehani, nina viroba vya vipande vya vitenge. Naweza kutengeneza kadi nikauza? (Mwanga, Kigoma)

Unaweza, na una mali kuliko unavyodhani. Piga pasi kwanza. Gundi ipake kwenye manila, si kwenye kitambaa, la sivyo inapenya na kuacha doa mbele. Bandika kipande kikubwa, kikauke, ndipo ukate umbo lako pamoja na manila yake. Ukikata kitambaa kikiwa peke yake kitachambuka nyuzi. Chagua maumbo manene: kuku, mtumbwi, nyota. Ngamia watatu na mamajusi wao waachie wachoraji.

Uza kadi tano pamoja na bahasha zake. Kadi ya A6, yaani nusu ya A4 iliyokunjwa katikati, inaingia kwenye bahasha ya sentimita 11.4 kwa 16.2, iombe kwa vipimo hivyo. Na anza leo. Anayetafuta kadi tarehe 23 hana hela, ameshanunua kuku.

Shangazi, shikamoo. Nimeoa mwaka huu. Nataka kumpa mke wangu zawadi niliyoitengeneza mwenyewe, wenzangu kijiweni wanasema ni ubahili. (Kijana, Cheyo, Tabora)

Marahaba. Inategemea, na kijiwe mara nyingine husema kweli. Kama hela ya kanga ipo na unaikwepa kwa kukunja karatasi, atajua kabla hujamaliza kukunja. Kama haipo, kadi yenye maneno yako mwenyewe, sita tu yanayomhusu yeye na si mwanamke mwingine yeyote, itakaa kwenye sanduku lake miaka mingi. Nimeona masanduku hayo.

Mimi ningefanya yote mawili: doti moja ya kanga, na mfuko wake uutengeneze. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku Juni 1, 2019, mfuko mzuri wa karatasi hautupwi, unatumika mpaka sokoni. Karatasi bora ya kazi hii iko ukutani kwako: kalenda kubwa ya mwaka huu, nzito, ina upande mmoja mweupe. Chukua ukurasa mmoja, upande mweupe uwe nje. Kunja ukingo wa juu sentimita 4 kwa ndani uwe na nguvu. Kutanisha mbavu mbili kwa nyuma, zipandane kiasi cha vidole viwili, bandika. Chini kunja sentimita 8 juu, fungua pembe zilale kama bahasha, kunja midomo miwili ikutane katikati ipandane kidogo, bandika, na ndani weka kipande cha boksi kwa sakafu. Toboa matundu manne juu, pitisha kamba ya katani, funga mafundo kwa ndani.

Ukurasa wa Desemba tu uuache ukutani. Mwenye nyumba atataka kujua tarehe moja inaangukia siku gani.