"By Friday" si "hadi Ijumaa"

SWALI: Nafanya kazi katika ofisi moja hapa Nairobi, na matangazo ya Kiingereza huletwa kwangu niyatie katika Kiswahili. Wiki hii nimepewa hili: "Submit your forms by Friday, 5 p.m." Nikaandika: "Wasilisheni fomu zenu hadi Ijumaa saa tano jioni." Mwenzangu anasema nimekosea, ila hawezi kunionyesha ni wapi. Nisaidie pia na "by the time". Kila nikiandika "kwa wakati", sentensi inakataa kusimama.

JIBU: Tangazo lako lina makosa mawili, na kila moja linaweza kumfikisha mtu dirishani akiwa amechelewa. Tuanze na "hadi".

"Hadi", sawa na "mpaka", hupima urefu wa jambo. Kitu kimeanza, kinaendelea, kisha kinakomea hapo ulipopataja. "Ofisi itakuwa wazi hadi Ijumaa" imenyooka kwa sababu kuwa wazi ni hali inayoendelea siku baada ya siku. Kuwasilisha fomu ni tendo la mara moja: unaikabidhi, unaondoka. Hakuna anayeshinda akiwasilisha fomu moja tangu Jumatatu. "By" ya Kiingereza haijali urefu huo. Inasimama kwenye kikomo na kuuliza swali moja tu: je, jambo limekwisha kufanyika?

Tazama jinsi maana inavyogeuka hapa:

Barabara itafungwa hadi Jumatatu.
Barabara itakuwa imefungwa kufikia Jumatatu.

Kwa sentensi ya kwanza, gari halipiti siku zote za katikati, na Jumatatu njia inafunguliwa. Kwa ya pili, ikifika Jumatatu ndipo haipitiki. Dereva wa matatu akisomewa moja badala ya nyingine, atazunguka bure siku ambayo njia i wazi na kukwama siku ambayo imefungwa.

Neno unalolitafuta, basi, ni "kufikia". Lakini usilitumie peke yake ukadhani kazi imekwisha. Nguvu ya "by" katika Kiswahili hukaa zaidi kwenye kitenzi: "Fomu ziwe zimewasilishwa kufikia Ijumaa." Hiyo "ziwe zimewasilishwa" ndiyo inayomwambia msomaji kwamba Ijumaa inatakiwa ikute kazi imekamilika. Na kama umeipenda "hadi" yako, ibakize, ubadilishe kitenzi: "Fomu zitapokelewa hadi Ijumaa." Kupokea kunaendelea siku zote hizo, kwa hiyo "hadi" imepata pa kukaa. Kwa tangazo la ukutani ningechagua hii, maana hata mtu anayepita haraka anaielewa.

Wengi hukimbilia "kabla ya", na hapo pana mtego. Mlipa ushuru wa kawaida nchini hutakiwa kuwasilisha ritani zake kufikia tarehe 30 Juni kila mwaka, na tarehe 30 yenyewe imo ndani. Ukiandika "kabla ya tarehe 30 Juni", umemnyang'anya msomaji siku nzima, kwa kuwa "kabla ya" huiacha nje siku inayotajwa. Andika "mwisho ni tarehe 30 Juni", au "kabla ya tarehe 1 Julai", au kwa lugha ya mdomoni, "tarehe 30 isipite hujawasilisha". Hii ya mwisho ni Kiswahili kitamu, na haina utata hata chembe.

"Ifikapo" nayo utaiona sana, hasa katika maandishi ya Tanzania: "ifikapo mwaka 2025". Kwa mipango mikubwa inafaa. Hapa kwetu, Ruwaza ya 2030, mpango wa maendeleo ya Kenya uliozinduliwa mwaka wa 2008, hutajwa kwa njia zote mbili, "ifikapo" na "kufikia". Kwenye tangazo la ofisi, hata hivyo, "leteni fomu ifikapo Ijumaa" inaweza kusomwa kwamba fomu ziletwe siku hiyo hiyo ya Ijumaa, wala si Jumatano. Iepuke.

Kosa la pili ni saa. Saa 5 p.m. ni saa kumi na moja jioni, kwa sababu hesabu yetu huanza jua linapochomoza. Saa tano ya Kiswahili iko asubuhi au usiku. Jioni haina saa tano. Ukitaka kuhakikisha, tazama saa ya mishale: nambari iliyo mkabala na ile ya Kiingereza ndiyo saa ya Kiswahili. Tano inatazamana na kumi na moja, nane inatazamana na mbili, tatu inatazamana na tisa.

Hatari zaidi ni makataa ya usiku wa manane. Mtu akiandika "usiku wa Ijumaa", wasomaji wawili watasoma usiku miwili tofauti. Kwa hesabu ya asili, ambayo bado ina nguvu hasa Pwani, siku huanza jua likichwa, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule unaofuata Alhamisi mchana. Mwingine anawaza usiku baada ya Ijumaa mchana. Taja asubuhi inayofuata, kama watangazaji wa habari wanavyofanya: "saa sita usiku wa kuamkia Jumamosi". Hapo hakuna wa kupotea.

Tangazo lako lisomeke hivi: "Fomu zitapokelewa hadi Ijumaa saa kumi na moja jioni."

Sasa "by the time". "Kwa wakati" haikufai kwa sababu tayari ina kazi yake: "alifika kwa wakati" maana yake hakuchelewa. Usitafute neno la kuziba pengo la "by the time". Tumia "-po-" upande mmoja, na upande wa pili uonyeshe kwamba jambo lilikuwa limeshatendeka:

Tulipofika Kencom, matatu ya mwisho ilikuwa imeshaondoka.

Ondoa "ilikuwa imesha-" uone kinachopotea: "Tulipofika Kencom, matatu ya mwisho iliondoka." Sasa tunaiona ikitoka kituoni, labda hata kondakta anatupungia mkono. Katika sentensi ya kwanza tumekuta kituo kitupu. Kwa wakati ujao muundo ni ule ule: "Utakapoisoma barua hii, nitakuwa nimeshafika Kisumu."

Mazungumzoni utasikia pia "Mpaka tunafika, matatu ilikuwa imeshaondoka", na si kosa. "Mpaka" hapo inapima urefu wa safari yetu, kwa hiyo haijaacha kazi yake. Ninachokuomba ukikwepe katika maandishi ni "kabla nifike" na "kabla tulifika", ambazo Nairobi imezizoea mno. Kiswahili sanifu husema "kabla sijafika", "kabla hatujafika", hata kama baadaye tulifika. Na "by now" isikusumbue: "Saa hizi atakuwa ameshafika."

Kuna kosa moja linalokwenda upande wa pili, nalo limejaa katika barua za Kiingereza zinazoandikwa hapa mjini: "By the time you will arrive, the office will be closed." Chanzo chake ni Kiswahili chetu. Tunasema "utakapofika", na ile "-taka-" ina wakati ujao ndani yake, kwa hiyo mkono unaandika "will" bila kuulizwa. Kiingereza huuweka wakati ujao upande mmoja tu: "By the time you arrive, the office will be closed." Ukitoka Kiswahili kwenda Kiingereza, "-taka-" iangushe. Ukirudi, iokote: "Utakapofika, ofisi itakuwa imeshafungwa."