Sekunde Tano, Wikendi Nzima

Nilipojiandikisha kusomea filamu hapa Nairobi, filamu yangu nilikuwa nayo tayari kichwani: majambazi, pikipiki zikifukuzana Mombasa Road, vilio mwishoni. Muhula wa pili tukaletewa somo la filamu ya majaribio, yaani ile inayochezea picha na sauti bila kulazimika kusimulia hadithi. Kazi ya kwanza: dakika tatu, pasionekane uso wa mtu, pasisikike neno hata moja. Nilikasirika. Mama anahangaika na karo, nami nikapige picha ukuta?

Nilizunguka River Road siku mbili nikitafuta kitu "cha maana". Siku ya pili mlinzi wa jengo moja alinisimamia hadi nikafuta kila kitu. (Katikati ya mji omba ruhusa kwanza, ndipo utoe simu.) Nikarudi Umoja jioni mikono mitupu, nikasimama kwa mama mboga kununua sukuma wiki. Akaanza kukata. Kisu chake kimenolewa miaka mpaka kimebaki chembamba kama ukucha. Kidole gumba kinasukuma majani, majani yanashuka mfukoni, naye wala hatazami. Anapiga soga na mteja aliye nyuma yangu. Nikamwomba nirekodi mikono tu. Akacheka, akasema sawa.

Nilipokaa kuhariri, picha ilikuwa giza tupu. Sauti ya kisu ndiyo iliyotoka safi. Nikaiweka juu ya picha za magari yaliyokwama asubuhi Jogoo Road, na magari yakawa kama yanakatwakatwa, fungu baada ya fungu. Nilirudia kuitazama mpaka stima ikapotea. Nilikuwa nimeamini siku zote kwamba sauti kazi yake ni kuifuata picha. Kama unaanza, anza na zoezi hili: sauti irekodi mahali pamoja, picha mahali pengine, kisha zikutanishe uone zitakavyogombana. Simu yako inatosha.

Halafu jiwekee sharti, tena gumu. Mwaka 1963 Mmarekani Stan Brakhage alitengeneza Mothlight bila kamera: alibana mabawa ya wadudu aina ya nondo na vipande vya mimea kati ya tepu angavu, kisha akachapa utepe huo kama filamu. Mimi utepe wa filamu kama wake, wa milimita 16, ningeutoa wapi? Ila ilikuwa Oktoba, na jakaranda zilikuwa zimemwaga maua njia nzima. Nikabandika petali kwenye selotepu, nikazishikilia dirishani penye mwanga, nikapiga picha mojamoja. Kwa kasi ya picha 24 kwa sekunde, sekunde tano ni picha 120. Nilianza Jumamosi asubuhi. Kufikia Jumapili jioni petali za kwanza zilikuwa zimegeuka kahawia, rangi ikawa inakufa mbele ya macho, jambo ambalo sikulipanga hata kidogo. Zamani ningeita hiyo kuharibika, nianze upya.

Ndiyo maana sifuti tena chochote kabla ya wiki kupita. Simu ikijaa, nahamishia kompyuta.

Lakini usidanganyike kwamba kila kisichoeleweka ni sanaa. Filamu za majaribio zinazochosha zipo tele, na yangu ya tatu, ya pangaboi linalozunguka dakika kumi, ni mojawapo. Darasa zima lilisinzia, na lilikuwa na haki.

Zile pikipiki bado ninaziandika. Siku hizi tu zinaanza kusikika muda mrefu kabla hazijaonekana.

Filamu ile ya kwanza nilimpelekea mama mboga kibandani. Akatazama magari, akakunja uso. "Sasa mimi niko wapi hapa?" Nikamwambia, "Sikiza, mama." Akaisogeza simu sikioni, kisu bado mkononi, akanyamaza kidogo.

"Ala! Kumbe nakata mbio hivi?"

Alinirudishia simu imejaa maji ya sukuma.