Barua kwa mwanangu: aliyekuwa pembeni

Mwanangu Rehema,

Umeniuliza kama ile picha ya wanajeshi wa Marekani wakisimika bendera Iwo Jima, kisiwa cha Japani, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, iliigizwa, maana huko kazini kwenu mmebishana mpaka chai ikapoa. Haikuigizwa. Ningeweza kuishia hapo nikalale, lakini baba yako unamjua.

Nimekuambia tangu ukiwa mdogo: usibishane na picha, mtafute aliyekuwa pembeni. Siku ile mpiga picha Joe Rosenthal alipobonyeza kamera yake juu ya mlima Suribachi wa kisiwani hapo, tarehe 23 Februari 1945, pembeni yake, hatua chache tu, alisimama sajenti Bill Genaust, mpiga filamu wa kikosi cha Marine, wale askari wa majini wa Marekani. Yeye alikuwa na kamera ya filamu ya milimita 16, ya rangi. Kamera za vitani za wakati ule nyingi zilikuwa za kutiwa ufunguo kama saa ya mezani. Ufunguo ukiisha, hata dunia ipinduke mbele yako, utabaki umeshika chuma. Genaust aliuwahi. Kwenye filamu yake bomba la chuma linainuka kutoka chini, bendera inakunjuka na upepo, na wale watu sita wanahangaika na mzigo wao bila kumjali mwenye kamera. Mtu anayeigiza hutupa jicho pembeni kidogo, hata akijizuia.

Uvumi ulitokana na Rosenthal mwenyewe. Baada ya bendera kusimama aliwapanga askari wakapiga picha ya pamoja wakishangilia. Baadaye alipoulizwa kama aliwapanga, akadhani anaulizwa hiyo, akajibu ndiyo. Basi! Na ni kweli ilikuwa bendera ya pili siku ile, ya kwanza ilikuwa ndogo. Lakini kubadilisha bendera si kuigiza. Au ni kuigiza? Hapana, si kuigiza.

Rosenthal alipata Pulitzer, tuzo kubwa ya waandishi wa habari Marekani. Genaust, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa amejeruhiwa vitani kwenye kisiwa cha Saipan, aliuawa tarehe 4 Machi, siku tisa baada ya bendera, alipoingia pangoni na tochi. Alikuwa na miaka 38. Mwili wake haukupatikana mpaka leo. Lakini mwaka 2016, na tena 2019, Marine waliposahihisha majina ya walioinua bendera, filamu yake ilikuwa miongoni mwa ushahidi uliokaguliwa. Amekufa, na bado anaulizwa maswali.

Sasa hilo neno "kuigiza" ndilo limeninyima usingizi. Wapo walioigiza kweli. Kwenye filamu ya vita vya Somme, kule Ufaransa, ya mwaka 1916 kuna askari wanapanda kutoka handakini, wengine wanaanguka, na wachunguzi wanakubaliana kwamba kipande kile kilipigwa mbali na risasi. Kamera ya miguu mitatu, unazungusha mkono kama kinu, utaisimamisha wapi risasi zikinyesha? Waingereza kwa mamilioni walikwenda kuitazama. Nilikuwa nikiwacheka. Siwacheki tena, na sababu ni babu yako.

Unaikumbuka kanda ya harusi ya shangazi yako, babu anapotoka mlangoni na bakora? Kila tukiiweka, baba zako wadogo wanalia: "Ndivyo alivyokuwa mzee!" Rehema, hakuwa hivyo. Alipotoka mara ya kwanza aliugonga mwimo wa mlango kwa kiganja, kama alivyofanya siku zote, akamwambia bibi yako jambo sikulisikia, bibi akacheka mpaka akashika ukuta. Nami nilikuwa nimelenga vizuri, mkono hautikisiki, najiona fundi. Taa nyekundu haikuwaka. Nilibonyeza mara mbili, kamera ikawaka na kuzima.

Nikamwambia, "Baba, samahani, rudi ndani utoke tena." Mzee wa miaka sabini na kitu, na goti lile, akarudi. Akatoka amenyooka, kofia ameiweka sawa, macho kwenye lenzi. Mlango hakuugusa. Bibi hakucheka. Mwaka uliofuata tukamzika, na hicho ndicho tulichobaki nacho.

Ni uongo? Alikuwa yeye, mlango wake, bakora yake, siku yenyewe. Lakini najua nilichokiona. Mara nyingine nasema kanda ile ni ya uongo kuliko ile ya Somme, maana wale angalau hawakumdanganya mtoto wao. Mara nyingine nasema mzee alirudi kwa sababu mimi nilimwomba, na hilo nalo ni kweli, tena kweli kubwa. Nilitaka kukuandikia jibu moja lililonyooka. Nimelifuta mara mbili. Aliyekuwa pembeni ni bibi yako, naye nikimuuliza mzee alimwambia nini, anacheka tu, ananiambia nimletee ugoro wake.

Kanda nimempa mdogo wako akuletee, uihamishie kwenye kompyuta kama ulivyosema. Utashawishika kukata ule mwisho ambapo kamera inapiga viatu vyangu. Usikate. Ongeza sauti. Mimi nasema, "Asante baba, nimepata," na yeye, akiwa keshatoka kwenye picha, anauliza, "Una hakika?"

Baba yako