Seting za sauti kupotea kila ukiwasha Linux: tunza faili lako mwenyewe

Mkuu pole, hilo tatizo nalijua vizuri sana. Umesema kila ukiwasha mashine maiki inarudi sifuri, spika kimya, mpaka ufungue alsamixer (programu ya terminali ya kupandisha na kushusha sauti) uanze kupandisha upya mmoja mmoja, na unataka njia ya terminali ya kusevu mara moja yaishe. Njia ipo, inaitwa alsactl, inakuja ndani ya pakiti ya alsa-utils. Ila kuna mtego mmoja wengi hawausemi na ndio ulioniumiza mimi, so soma mpaka chini.

Nilikuwa namrekodi mama yangu anasimulia maisha yake. Siku ya kwanza saa nzima, safi kabisa. Kesho yake mashine ile ile, maiki ile ile, kaongea dakika 40 kwa hisia zote, nakuja kusikiliza nakuta ni mvumo tu, yeye anasikika kwa mbali kama yuko chumba cha pili. Mic Boost, ile inayoongeza nguvu ya maiki, ilikuwa imerudi sifuri na mimi sikuangalia. Alikubali kurudia lakini simulizi ikirudiwa haiwi ile tena, kuna vitu alivisema siku ile hakuvisema tena. Ndo maana hii mada naichukulia serious.

Sasa anza hivi. Andika alsamixer. Ukiona mstari mmoja tu umeandikwa Master usidhani kadi yako ya sauti haina kitu, hapo unaangalia PulseAudio au PipeWire, programu ya kusimamia sauti iliyokaa juu ya kadi, bonyeza F6 uchague kadi yenyewe halafu F5 uone vyote, vya kusikiliza na vya kurekodi. Chini ya mistari ya kusikiliza kuna kiboksi, kikiwa na MM maana yake imezibwa, 00 iko wazi, unabadilisha kwa herufi M. Nimeshaona mtu kapandisha mpaka 100 anahangaika na madraiva siku mbili kumbe ni MM tu. Upande wa kurekodi unabonyeza spesi mpaka neno CAPTURE litokee. Kama kuna Auto-Mute Mode iangalie pia, hiyo ndo inazima spika ukichomeka hedifoni na kuna mashine inadhani hedifoni zimechomekwa wakati hazipo.

Ukisharidhika:

sudo alsactl store

Inaandika kila kitu kwenye /var/lib/alsa/asound.state (mifumo ya zamani ilikuwa /etc/asound.state). Kurudisha ni sudo alsactl restore. Kwenye distro nyingi zenye systemd (mfumo unaowasha na kuzima sevisi za mashine) kuna sevisi inaitwa alsa-restore inayofanya hilo yenyewe mashine ikiwaka, icheki kwa systemctl status alsa-restore.

Mtego sasa. Sevisi hiyo hiyo mashine ikizima inafanya store, inasevu hali ilivyo dakika ile. Yaani programu fulani ya mikutano ikikushushia maiki jioni na wewe ukazima mashine bila kujua, ule ubovu ndo unaandikwa juu ya seting zako nzuri, na asubuhi unarudishiwa ubovu kwa uaminifu kabisa. Mimi nilikuwa nimefanya store vizuri tu siku ya kwanza! Nilivyofungua lile faili (ni maandishi ya kawaida, unalisoma kwa less) nikakuta hivi:

name 'Internal Mic Boost Volume'
value.0 0
value.1 0

na chini yake kwenye comment, range '0 - 3' na dbmax 3000. Hiyo 3000 ni mia za desibeli, yaani desibeli 30, kila hatua 10. Desibeli 30 ni kama mara 32 kwa ukubwa wa wimbi, hebu fikiria sauti ya mtu inapungua kiasi hicho kwa sababu ya namba moja kwenye faili.

Kwa hiyo usitegemee faili la mfumo peke yake, tunza la kwako ambalo hakuna sevisi inayoligusa:

mkdir -p ~/sauti
sudo alsactl -f ~/sauti/kurekodi.state store

Na kabla ya kazi:

sudo alsactl -f ~/sauti/kurekodi.state restore

Unaweza kuwa nayo hata matatu, mimi ninalo la kurekodi na la kusikiliza tu. Uzuri mwingine ndani ya faili kadi inatajwa kwa jina, mfano state.PCH, sio kwa namba. Namba zinahama, leo kadi 0 ni ya ndani kesho ni HDMI, so hata kwenye amri zingine zoea jina, utalipata kwa cat /proc/asound/cards, lile lililo kwenye mabano ya mraba.

Kama umefanya yote bado inabadilika ukishalogin tu, basi ni PulseAudio au PipeWire, hizi zina kumbukumbu yao ya volyumu na zinakuja baada ya alsactl kumaliza kazi yake. Mimi nimeweka skripti fupi inayoanza nikishalogin, haihitaji sudo:

sleep 5
amixer -c PCH sset 'Internal Mic Boost' 2
amixer -c PCH sset Capture 60% cap

Hiyo sleep ni ya kuzisubiri PulseAudio au PipeWire zimalize kwanza. Majina ya kwako yanaweza kuwa tofauti, yaangalie kwa amixer -c PCH scontrols uyaandike vile vile yalivyo, herufi kubwa na ndogo. Boost usiipeleke mwisho hata kama inavutia, inapandisha na mvumo wa mashine pia, kwangu 2 inatosha.

Na kila mara kabla hujaanza kurekodi kitu cha maana, sekunde 5 tu:

arecord -f cd -d 5 jaribio.wav && aplay jaribio.wav

Sikiliza kwa hedifoni sio kwa spika za laptop, mvumo mdogo kwenye spika hausikiki.

Jaribu halafu lete mrejesho, ikigoma weka hapa matokeo ya cat /proc/asound/cards na ya amixer -c na jina la kadi yako tuangalie pamoja.