Klei ni jiwe, si sabuni: kwa wewe unayeanza kazi ya rangi za magari

Wiki zako mbili za kwanza hapa hutagusa klei. Utaosha, utafuta, utabadilisha maji ya ndoo na kusugua rimu mpaka vidole vikunjamane. Najua utaona nakubania. Na mimi nilibaniwa hivyohivyo, nikanung'unika hivyohivyo, na siku niliyopewa kipande changu cha kwanza nikaharibu boneti ya Crown nyeusi kabla chai haijapoa. Hiyo nitakusimulia mbele.

Kwanza tuelewane klei ni kitu gani, maana jina lenyewe linadanganya. Ukiishika inafanana na ule udongo wa rangi wanaochezea watoto wa chekechea: laini, inafinyangika, inanata kidogo. Lakini ni mchanganyiko wa kiwandani unaovutika kama ulimbo, na ndani yake kuna chembe za kusaga ambazo jicho halizioni. Mjapani Tadao Kodate alipata hataza yake Marekani mwaka 1995, na aliyeandika kichwa cha hataza ile hakuita udongo. Aliita jiwe la kusagia linalonyumbulika. Mimi napenda jina hilo kuliko hili tunalotumia, kwa sababu ukikumbuka kwamba mkononi umeshika jiwe, nusu ya makosa hutayafanya.

Jiwe hilo linasaga nini? Rangi ya gari nyingi za siku hizi imefunikwa na koti la juu lisilo na rangi, ambalo mafundi wanaliita klia. Unene wake ni kama mikroni 40 au 50. Unywele wa kichwani mwako unafika 70 hivi. Juu ya koti hilo jembamba vinakaa vitu ambavyo maji na shampuu havivitoi: unga wa chuma kutoka kwenye breki, lami, utomvu wa mti, vumbi la rangi iliyopulizwa gereji ya jirani. Vimejishika na kichwa kimebaki nje. Klei inapoteleza juu ya rangi inakutana na vile vichwa, inaving'oa na kuvimeza. Basi. Kilichozama ndani ya klia, kama mkwaruzo au alama ya kinyesi cha ndege kilichokaa juani siku tatu, klei inapita juu yake bila kukigusa. Mteja akikuambia "toa hii mikwaruzo kwa ule udongo wenu", mweleze kwa upole kwamba hiyo ni kazi ya polishi, inayosaga klia yenyewe, na bei yake nyingine.

Kujua kama gari linahitaji klei, usitumie macho. Macho yanapenda kung'aa, na gari lililotoka kuoshwa linang'aa hata kama ngozi yake ni ya kenge. Osha, kausha, kisha vaa mkononi ile nailoni ya mkate na upitishe ncha za vidole taratibu juu ya boneti, rufu na sehemu ya chini ya milango. (Zamani tulitumia mifuko ya dukani, lakini hiyo imepigwa marufuku hapa Tanzania tangu Juni 2019, na kusema kweli nailoni ya mkate ni nyembamba na inafaa zaidi.) Nailoni inateleza, kwa hiyo kila kilichochomoza unakihisi mara mbili. Rangi safi inakuwa kama kioo. Rangi chafu utahisi kama umepapasa msasa wa namba za juu. Nikikuambia "pima", maana yake ni hiyo, na nitakuuliza umehisi wapi, si umeona nini.

Kuna dada mmoja alileta Noah nyeupe akiwa karibu kulia. Gari lilikuwa limefika bandarini miezi michache tu nyuma, na tayari, kwa maneno yake, "limeanza kuota kutu juu ya rangi". Kweli, ubavu mzima wa kushoto ulikuwa na vidoti vya kahawia, mamia, kama mtu amenyunyiza tangawizi ya unga. Fundi rangi alikuwa ameshamtajia bei ya kupaka ubavu wote upya. Nilipapasa, nikahisi miba. Kisha nikapapasa kioo cha dereva, miba ileile. Hapo nikaacha kuangalia rangi nikaanza kuuliza maswali. Gari unalaza wapi? "Uani kwa mama." Jirani yenu anafanya kazi gani? "Anachomelea mageti."

Mwenye grainda, kila anapokata chuma, cheche zinaruka. Cheche ni chembe za chuma zilizopata moto. Zikitua kwenye rangi zinajichoma pale, umande wa usiku unazipa maji, na asubuhi kila moja imeota kutu yake. Rangi haijaoza. Kinachooza ni chuma cha jirani. Kidoti kikiwa juu ya rangi na kwenye kioo pia, ujue kimetoka nje, kwa sababu kioo hakina kutu ya kwake.

Na hapa kuna jambo ambalo wengi wanalikosea: usikimbilie klei. Chembe ya chuma ina ncha, ukiing'oa kwa klei na kuendelea kusugua, umejitengenezea msasa. Tulianza na dawa ya kuyeyushia chuma. Unapuliza kwenye rangi iliyopoa, unasubiri dakika chache, na chembe zinaanza kutoa machozi ya zambarau. Harufu yake ni ya yai viza, vaa glovu, na usiiache ikaukie. Tukasuuza, tukarudia, na yale yaliyogoma ndiyo yakapewa klei. Lami nayo ina dawa yake. Mafuta ya taa kwenye kitambaa yanaitoa vizuri, ilimradi uoshe pale na shampuu mara moja, maana yanaacha utelezi wa mafuta. Kwa saa nne Noah ile ikawa nyeupe, na ule ushauri wa kupaka upya ukabaki kwa aliyeutoa.

Sasa klei yenyewe. Bonge la gramu 200 nalikata vipande vinne, na sitoi zaidi ya kimoja kwa wakati mmoja. Kikande kiganjani mpaka kilainike, kisha kikandamize kiwe bapa kama chapati ndogo inayoenea chini ya vidole vitatu. Asubuhi ya Julai kinaweza kuwa kigumu. Kitumbukize kwenye maji ya uvuguvugu kidogo.

Gari liwe kivulini na limepoa. Weka kiganja juu ya boneti: kama huwezi kukiacha hapo kwa raha, subiri. Ndiyo maana magari ya klei nayataka saa kumi na mbili asubuhi na si saa saba mchana, hasa Januari na Februari, mji huu ukiwa tanuri.

Kilainishi ndicho roho ya kazi. Kuna cha kununua cha kupuliza, na kuna shampuu ya gari iliyochanganywa na maji safi kwenye chupa ya kupulizia. Sabuni ya vyombo usilete. Nimeona inailegeza klei mpaka inaacha utando unaonata kwenye rangi. Pulizia sehemu yenye upana wa dhiraa moja kwa dhiraa moja, si zaidi, na pulizia klei nayo. Iloane. Ukifikiri imetosha, ongeza. Nimeona vijana wanabania kilainishi cha shilingi mia wakaharibu rangi ya shilingi laki tatu.

Peleka klei kwa mstari ulionyooka, kwenda na kurudi, usizungushe. Usikandamize, uzito wa vidole vyenyewe unatosha. Mwanzoni utaisikia inakwaruza, inagomagoma, na mlio mdogo wa kwaru, kwaru unatoka. Usishtuke, usiongeze nguvu. Baada ya kwenda na kurudi mara kadhaa mlio unapungua, kisha unakata kabisa na klei inaanza kuteleza kama imewekwa juu ya barafu. Ukifika hapo, acha. Watu wanapenda kuongeza kidogo "kwa uhakika", na hicho kidogo ndicho kinachoacha ukungu kwenye rangi laini. Futa kwa kitambaa safi cha maikrofaiba, pima, songa mbele.

Kila ukimaliza eneo, igeuze uangalie tumbo lake. Ikiwa imechafuka, kunja uchafu uende ndani, kanda, toa uso mpya. Anza juu kushuka: rufu, boneti, buti, milango, na sehemu za chini za mwisho, huko ndiko kuna mchanga. Siku kipande kikiwa cheusi pande zote na hakina uso mpya wa kutoa, kishushe cheo kikasafishe vioo na rimu, kisha kitupe.

Crown, sasa. Nilikuwa mwezi wa pili kazini. Klei iliniponyoka, ikadondoka sakafuni. Nikaiokota, nikaisuuza kwenye ndoo, nikaitazama, nikaona safi. Nikapuliza kilainishi cha kutosha kabisa, nikafuata kila nilichofundishwa. Mchanga ukidondokewa na klei hauoshwi. Umeshazama ndani yake. Nilipofuta, boneti ilikuwa na mistari imenyooka, sambamba, kama paka kateleza toka kwenye kioo hadi taa. Mzee mwenye gari hakupandisha sauti. Alipitisha kidole kwenye mstari mmoja, akaniuliza, "Kijana, hii ilikuwepo?" Nilifungua mdomo niseme ndiyo. Bosi wangu alikuwa nyuma yangu, akajibu kabla yangu: "Haikuwepo, mzee. Ni sisi." Akaipolishi mpaka saa tatu usiku, na gharama ikakatwa kwenye posho yangu.

Kwa hiyo ikidondoka, imekufa. Hata kama ni mpya, hata kama imedondoka kwenye zege lililofagiliwa. Usije kuniuliza.

Kuna jambo la pili kwenye Crown ile lililonitia hofu bure. Kabla ya balaa klei ilianza kuwa nyeusi tii, nikadhani nabandua rangi. Asubuhi yake bosi akafungua boneti, akanionyesha kile kibati chenye namba ya rangi: 202. Toyota nyingi za rangi hiyo nyeusi ni za koti moja, hazina klia juu, kwa hiyo klei, kitambaa, hata polishi vitatoka na weusi. Si hatari, lakini rangi hiyo ni laini kama siagi na inachorwa na kila kitu. Kabla ya kushika gari jeusi, soma kibati.

Gari lililotoka kupakwa rangi gereji wiki hii usilipe klei. Rangi bado haijakomaa. Rangi isiyong'aa kwa makusudi, ile ya matti, usiiguse kabisa, utaiachia mabaka yanayong'aa. Na yale madoa meupe ya duara yanayotokana na maji ya kisima chenye chumvi ambayo nusu ya mji tunaoshea magari, klei haiyawezi. Jaribu siki iliyochanganywa na maji kwenye eneo dogo, suuza haraka. Yakigoma, ni polishi.

Ukimaliza klei umeacha rangi uchi. Waksi yote iliyokuwepo imeondoka na uchafu. Gari lisitoke hapa siku hiyo bila waksi mpya au silanti, ile kinga ya kiwandani inayofanya kazi ya waksi, hata mteja akisema ana haraka. Tukikosa muda wa waksi, basi hatukuwa na muda wa klei. Kwa gari linalolala nje, mara mbili kwa mwaka inatosha. La kulala bandani, mara moja, au hata lisiguswe kama nailoni haijasema kitu. Atakuja mteja anayetaka "full", yaani klei na waksi, kila mwezi na hela anazo. Mpimie mbele yake, mpe mkono wake mwenyewe ndani ya nailoni, aone hakuna kitu, umwoshee aende.

Nyuma ya kontena kuna mlango wa Carina uliotolewa kwenye ajali, umekaa kwenye mvua na vumbi la grainda mwaka mzima. Jumatatu ya wiki ya tatu nitaubandika tepu katikati. Utafanya upande mmoja, upande wa pili usiuguse. Ukimaliza utatoa tepu, nitafumba macho nipitishe mkono. Nikishindwa kusema upi ni wako, ndoo ya rimu iko palepale.